Kaleli wa kigugumizi, sauti ya sinema Ruiru

THIKA, Julai 1959

Saa kumi na moja na nusu jioni, gari la kijani lenye spika mbili juu ya paa linaingia polepole katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa, nje kidogo ya mji wa Ruiru. Watoto wanalifuata mbio. Wanawake waliotoka kuchuma kahawa wanatua vikapu na kusimama kando ya njia kulitazama.

Kabla gari halijasimama sawasawa, mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye koti la khaki lililopauka mabegani, anaruka chini. Anatoa milingoti miwili ya chuma, anaisimamisha, anafunga shuka jeupe katikati na kulikaza kwa kamba. Anazunguka nyuma ya gari, anavuta kamba ya jenereta mara tatu, nayo inanguruma. Hasemi na mtu. Mzee mmoja anamwamkia kwa mbali, naye anaitikia kwa kuinua kofia.

Ukimwona wakati huo utadhani ni mpagazi tu wa kubeba vyombo.

Jua linapozama na shuka kuanza kung'aa, mtu huyo anavua kofia, anaiweka juu ya boneti, anachukua kipaza sauti na kushusha pumzi ndefu.

"Mabibi na mabwana, hamjambo!"

Sauti ni nzito, haina haraka, na inafika hadi kwenye nyumba za mwisho za kambi. Watu wapatao mia tisa wanajibu kwa pamoja: "Hatujambo!"

Huyo ni Kaleli Munyao, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, mfasiri wa sinema za bure zinazozunguka Thika, Juja na Ruiru. Picha anazoonyesha zinasema Kiingereza. Kazi yake ni kuzipa Kiswahili papo hapo, bila kusoma popote, kwa muda wa saa mbili. Katika jioni moja anakuwa mfalme, anakuwa daktari wa ng'ombe, anakuwa mama mkwe mwenye hasira, halafu anawakumbusha watu kununua sabuni.

Na ndiye huyo huyo ambaye mchana wa siku hiyo, katika duka moja mjini Thika, alisimama mbele ya mwenye duka akijaribu kutamka neno "kiberiti". Mwandishi wa habari hizi alikuwapo. Neno lilikataa. Uso wa Kaleli ukawa mwekundu wa kahawia, mishipa ya shingo ikasimama, na watu wawili waliokuwa nyuma yake wakaanza kuangalia chini. Mwishowe akanyoosha kidole.

"Umeona?" alimwambia mwandishi walipotoka nje, akicheka. "W-w-watu elfu hawanitishi. Mwenye duka ndiye ananitisha."

Kaleli alizaliwa upande wa Kilimambogo, mashariki ya Thika, ambako baba yake alikuwa akikata katani. Kigugumizi kilimshika akiwa na miaka minne au mitano. Wengine walisema alitishwa na mbwa. Wengine walisema alitekenywa mno alipokuwa mchanga. Shangazi yake mmoja alimnywesha maji kwa kibuyu kipya kila asubuhi kwa mwezi mzima, na haikusaidia.

Shuleni ndiko alikojua kwamba jambo hilo ni kubwa.

"Mwalimu alikuwa akituita kwa zamu tusome kitabu kwa sauti," anasimulia. Anapokaa na mtu mmoja kwa muda na kumzoea, maneno humtoka vizuri zaidi, ingawa hukwama hapa na pale. "Mimi nilikuwa nahesabu watoto walio mbele yangu, halafu nahesabu mistari, nijue ni upi utanifikia. Nikishaujua natafuta ndani yake neno baya, lile litakalokwama."

Siku moja neno baya lilikuwa la kwanza kabisa. Mwalimu alimwambia abaki amesimama mpaka alitamke. Kengele ya mapumziko ililia, wenzake wakatoka kucheza, wakarudi, naye bado alikuwa amesimama. Alikuwa darasa la nne. Hakufukuzwa. Kesho yake hakurudi tu, na hakuna aliyemfuata.

Akiwa kijana alijifunza kuishi kwa kuyakwepa maneno. Aliyajua yale yanayotoka na yale yanayokataa, kama mtu anavyowajua mbwa wa jirani. Alipotumwa chumvi aliweza kurudi na sukari, kwa sababu sukari ndiyo iliyokubali kutoka. Alipofika mjini Thika kutafuta kazi mwaka wa 1949, alikula viazi kwa miezi minane mfululizo katika hoteli moja ya mtaa wa Majengo.

"Nilikuwa napenda maharagwe," anasema. "Lakini nani angeyaagiza?"

Watu walimcheka, naye alicheka nao. Hilo halikumuumiza sana. Kilichomuumiza kilitokea mwaka wa 1954.

Ilikuwa wakati mgumu wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Kaleli alikuwa akifanya kazi ya kupakia magunia, na siku hiyo alitembea kwa miguu kutoka Ruiru akielekea Juja. Kipande chake, cheti ambacho kila mwanamume alipaswa kutembea nacho, kilikuwa kimebaki katika koti jingine. Barabarani alikuta kizuizi. Askari akamwuliza jina.

Jina la mtu mwenyewe, Kaleli anasema, ndilo neno gumu kuliko yote kwa mwenye kigugumizi. Neno jingine lolote unaweza kulizunguka ukatafuta la kufanana nalo. Jina lako halina la kufanana nalo.

"Nilifungua mdomo. Hakuna kitu. Akauliza tena, kwa ukali. Nikapiga mguu chini, kama nilivyozoea kufanya ili neno litoke. Akadhani nataka kukimbia. Mwingine akasema, 'Huyu anatafuta jina la uongo.' Kumbe mimi natafuta lile la kweli."

Alizuiliwa siku tisa. Alilala juu ya sakafu na watu arobaini, na kila asubuhi aliulizwa upya, na kila asubuhi ulimi ulizidi kukaza. Siku ya kumi msimamizi wake alikuja na kile kipande mkononi, akamwonyesha ofisa, na Kaleli akaachiliwa. Hakuna aliyempiga, anasema, lakini tangu siku hiyo aliacha kabisa kuzungumza na mtu asiyemjua. Kwa karibu mwaka mzima aliyesikia sauti yake ni mkewe, Mukonyo, peke yake.

Mukonyo ni mwanamke mfupi mwenye macho ya kucheka. Anafuma vyondo, vikapu vya kamba, mbele ya chumba chao huko Thika, na anaongea kwa wawili.

"Huyu alinichumbia kwa barua," anasema. "Tena tulikuwa tumekaa benchi moja kando ya mto! Anatoa karatasi mfukoni, ananipa, anaangalia mto. Nikamwuliza, sasa nikujibu kwa barua ama kwa mdomo? Akaonyesha mdomo."

Mwaka wa 1955 kampuni moja ya matangazo iliyokuwa na gari la sinema mjini Thika ilitafuta mtu wa kubeba vyombo, kuwasha jenereta na kufunga mikanda ya picha kwenye mashine. Kaleli alisikia kazi hiyo haihitaji mdomo. Alienda. Dereva wa gari, Bedan, alimtazama mabega, akamwambia apande nyuma.

Mdomo wa gari hilo ulikuwa wa mtu mwingine, na ulikuwa maarufu.

Zacharia Muigai, mwenyeji wa Ruiru, alikuwa mfasiri wa sinema tangu gari lilipoanza. Watu wa mashamba hawakuuliza sinema gani inakuja. Waliuliza kama Zacharia anakuja. Alikuwa mtu wa suti na tai, mwenye maringo kidogo, na hakuwa na desturi ya kuzungumza na wabeba vyombo. Kwa mwaka na nusu Kaleli alikaa nyuma ya mashine akimsikiliza usiku baada ya usiku. Picha ya kupogoa kahawa aliisikia mara mia moja na kumi. Picha ya ng'ombe mgonjwa aliisikia zaidi ya hapo.

Alasiri moja, mwezi wa Novemba 1956, gari lilikuwa limeegeshwa karibu na mto Chania. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika, na Kaleli aliachwa ndani auunganishe na kuujaribu. Aliufunga, akawasha mashine, picha ikatokea juu ya kipande cha karatasi. Na bila kufikiri, mashine ikivuma, alianza kusema maneno ya Zacharia, kwa sauti ya Zacharia, neno kwa neno.

Yalitoka yote. Hakuna hata moja lililokwama.

Zacharia alikuwa amelala chini ya kivuli cha gari. Aliamka.

"Nani huyo anaongea?" aliita.

Kaleli akazima mashine.

"Bedan, ni wewe?"

"Mimi niko hapa mtoni, nanawa miguu," dereva akajibu.

Zacharia akafungua mlango wa nyuma, akamkuta Kaleli peke yake.

"Ngai! Kumbe una sauti?"

Kaleli akajaribu kueleza. Kila neno lilikwama. Zacharia alimtazama, halafu akafunga mlango.

Leo Zacharia, ambaye sasa ni mzee wa miaka hamsini na sita, hafichi alichohisi siku ile. Husema kwa mnong'ono, na inabidi mtu asogee karibu kumsikia.

"Sikufurahi," anasema. "Andika hivyo hivyo. Nilikuwa na siri. Koo langu lilikuwa linaniuma tangu mwaka uliopita. Daktari aliniambia kuna uvimbe, nipumzike kusema. Mimi napumzikaje? Sasa namsikia mtu ndani ya gari langu ana sauti yangu, tena nzima. Nikafikiri, huyu ndiye atakayenitoa."

Kwa wiki tatu hakumsemesha. Kisha asubuhi moja, gari likitoka Thika kwenda Ruiru, alimwita Kaleli akae mbele, kati yake na Bedan. Zacharia alikuwa ametapika damu usiku.

"Sema pamoja nami," alimwambia. "Usiniangalie. Angalia barabara."

Wakaanza: "Mkulima huyu amechagua mbegu nzuri..." Wote wawili kwa pamoja, kama watu wanaoimba. Kaleli hakukwama. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tano Zacharia alipunguza sauti kidogo kidogo katikati ya sentensi, mpaka akanyamaza, na Kaleli akaendelea peke yake maneno manane au tisa kabla ya kugundua kwamba ameachwa. Alipogundua, ulimi ulikaza.

"Unalisukuma neno," Zacharia alimwambia. "Ukilisukuma linakaza. Toa pumzi kwanza. Halafu weka neno juu ya pumzi. Likikataa, nyamaza, ungoje. Usipige mguu. Wewe ndiye mwenye gari, si neno."

Bedan anakumbuka miezi hiyo kwa uchovu. "Kila siku, kwenda na kurudi, ng'ombe mgonjwa, ng'ombe mgonjwa," anasema. "Hata mimi ningeweza kumtibu huyo ng'ombe."

Baada ya miezi mitatu Kaleli aliweza kusema picha nzima ndani ya gari. Lakini mbele za watu hakuwa amesema hata neno moja, na hakukusudia kusema. Alipoulizwa na Zacharia kama angejaribu walau tangazo la sabuni, alitikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka.

Ikaja Jumamosi ya Machi 1957.

Onyesho lilikuwa Ruiru, katika uwanja ulio karibu na stesheni ya reli, kwa kibali maalumu, kwa kuwa mikutano ya watu wengi bado ilikuwa ikizuiwa. Umati ulikuwa mkubwa kuliko wote waliowahi kuuona: Bedan anasema watu elfu mbili. Meneja wa kampuni mwenyewe alikuwa amekuja na kukaa kwenye kiti cha kukunja, kwa sababu picha ilikuwa mpya. Haikuwa ya kahawa wala ya ng'ombe. Ilikuwa hadithi ya zamani, ya nchi ya ng'ambo, ya mjumbe kiwete.

Mji wa kale umezungukwa na adui. Wajumbe wote wenye nguvu wametumwa kwa mfalme kuomba msaada na hakuna aliyerudi. Amebaki kijana mmoja ambaye jeshi lilimkataa kwa sababu ya mguu wake. Anatumwa yeye, si kwa sababu wanamwamini, bali kwa sababu hakuna mwingine. Lazima avuke mlima kabla mji haujaanguka.

Zacharia alianza vizuri. Alipofika kwenye mkanda wa pili, kijana kiwete akiwa amefika chini ya mlima, sauti ilianza kukwaruza. Akakohoa. Akajaribu tena, ikatoka kama hewa. Mara ya tatu haikutoka kabisa.

Picha ikaendelea bila maneno. Watu wakadhani spika zimeharibika, wakaanza kupiga miluzi. Meneja akageuka kwenye kiti chake.

Zacharia alitembea hadi kwenye mashine, akamshika Kaleli mkono, akamwekea kipaza sauti ndani ya kiganja. Hakuweza kumwambia kitu. Alimfunga tu vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Nilifikiri nitakufa," Kaleli anasema. "Hiyo picha nilikuwa nimeiona mara mbili tu. Nikaangalia shuka. Yule kijana alikuwa anapanda mawe, anaburuta mguu, anaanguka, anaamka. Nikatoa pumzi, nikasema: 'Anapanda.' Nikasikia neno hilo linatoka kwenye spika juu ya kichwa changu. Sikuamini ni mimi."

Akasema tena: "Anapanda. Mguu unauma, lakini anapanda."

Miluzi ikakoma.

Akawaambia watu juu ya baridi ya mlima. Akawaambia anachofikiri yule kijana, ambacho picha yenyewe haikukisema. Hakuitumia sauti ya Zacharia, kwa kuwa Zacharia hakuwahi kuyasema maneno hayo mbele yake kiasi cha kuyakariri. Aliyatoa kichwani mwake. Kwa karibu robo saa hakukwama, na watu walikaa kimya kiasi kwamba sauti ya jenereta ilisikika.

Kisha kijana kiwete akafika kwenye ngome ya mfalme. Lango lilikuwa limefungwa. Walinzi juu ya ukuta walimwona wakadhani ni ombaomba, wakamcheka. Kijana akakusanya nguvu zote zilizobaki ili apige kelele. Kila mtu uwanjani alijua atasema nini. Ilibaki Kaleli aseme.

"F..."

Neno likakwama.

"F... f..."

Juu ya shuka kijana alikuwa amepanua mdomo. Katika uwanja kulikuwa na ile "f" peke yake, ikitoka kwenye spika mbili kama tairi inayotoa upepo. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akapiga kelele, "Redio imekufa!" Kicheko kikaanza kusambaa. Meneja akasimama.

Mbele kabisa alikuwa amekaa mama mmoja muuza uji wa pale stesheni, Waceke, mwanamke mnene anayejulikana kwa sauti yake. Alisimama, akageukia umati, akiwa na kata mkononi.

"Nyamazeni, nyinyi!" alifoka. "Mna haraka ya kwenda wapi? Mwacheni mtu amalize neno lake!"

Waceke bado anauza uji pale pale. Alipoulizwa kwa nini alisimama, alishangaa swali. "Nilitaka kujua kama lango litafunguliwa," alisema. "Sasa ningejuaje na wao wanacheka?"

Uwanja ulinyamaza. Kaleli hakupiga mguu chini. Alifunga mdomo. Alimtazama Zacharia, ambaye alikuwa amesimama kando ya gari, mkono kooni, na Zacharia akapandisha kifua na kukishusha polepole, ili Kaleli apate kuona. Kaleli akatoa pumzi, akangoja mpaka ikaisha, akavuta nyingine.

"Fungueni!" akasema.

Na mara tu lilipotoka, likatoka tena: "Fungueni! Fungueni lango!"

Watoto waliokaa mbele wakalishika neno. "Fungueni!" Kisha mama zao. Kisha uwanja mzima, watu elfu mbili wakiwapigia kelele walinzi walio kwenye shuka: "Fungueni! Fungueni!" Wasafiri waliokuwa wakingoja treni waliacha mizigo yao wakaja kuangalia kuna nini. Lango likafunguliwa. Bedan, ambaye hapendi kukubali mambo ya aina hiyo, anakiri kwamba alilia akiwa ndani ya gari.

Picha ilipokwisha, ilikuwa desturi mfasiri kuwaaga watu na kutaja jina lake. Kaleli aliaga. Kisha akasita. Angeweza kuzima mashine, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mimi ni..." akasema. "Mimi ni K... Ka..."

Safari hii hakuna aliyecheka. Uwanja ulingoja. Wanaokumbuka wanasema ulikuwa muda mrefu, wa kutosha mtu kufunga kamba za viatu. Jina lilitoka vipande vitatu, lakini lilitoka: Kaleli Munyao. Watu wakalirudisha kwake kwa makofi.

Mambo hayakunyooka siku hiyo hiyo. Meneja alimpongeza, kisha akasema kampuni haiwezi kumtegemea mfasiri ambaye huenda akakwama katikati ya tangazo. Alitaka kuleta mtu mwingine kutoka Nairobi. Alimleta. Kijana huyo alikuwa na Kiswahili safi cha vitabu, na alidumu majuma mawili. Katika kila shamba watu walimsikiliza kidogo, halafu wakauliza, "Yule wa Fungueni yuko wapi?"

Mwezi wa Mei 1957 Kaleli alipewa kipaza sauti rasmi. Tangu wakati huo ameonyesha sinema karibu mara mia tano. Amekwama mara nyingi, hasa kwenye herufi za K na M, na hafichi. Husimama, hutoa pumzi, hungoja. Watu wa mashamba wamezoea kungoja naye. Katika kambi moja upande wa Ngoingwa, akikwama, watoto huvuta pumzi pamoja naye, kwa nguvu, wakimsaidia.

Aliombwa aache kubeba milingoti na kuwasha jenereta, kwa kuwa sasa ni mtu mkubwa. Alikataa. Anasema mikono ikiwa na kazi, kichwa hakipati nafasi ya kuogopa.

Zacharia naye hakutoka kwenye gari. Alifanyiwa upasuaji mwaka huo huo, akapona, lakini sauti haikurudi zaidi ya mnong'ono. Sasa hukaa mbele, karibu na Bedan, bado na tai yake, na daftari magotini. Yeye ndiye anayeitazama picha mpya kwanza, akiandika Kiswahili chake, kisha wanakisoma na Kaleli njia nzima kutoka Thika. Hubishana sana. Zacharia hupenda maneno mazito, Kaleli huyapunguza.

"Anaondoa yale yenye K nyingi," Zacharia ananong'ona. "Anafikiri sioni."

"N-n-naondoa yale ambayo Waceke hataelewa," Kaleli anamjibu.

Alipoulizwa kama anajuta kumfundisha, mzee alirekebisha tai. "Usiku ule wa Ruiru nilikuwa nimesimama kando nikisikiliza," akasema. "Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona sinema. Miaka yote nilikuwa nikisema, sikupata kuangalia. Niliogopa kwamba lango halitafunguliwa."

Nyumbani, Mukonyo anasema, mumewe bado ni mtu wa maneno machache, na afadhali, kwa sababu chumba ni kimoja. Lakini tangu mwaka jana amebadilika katika jambo moja. Mgeni akibisha hodi, Kaleli huinuka mwenyewe kwenda kufungua na kusalimia. Zamani alijificha nyuma ya pazia.

Mwezi wa Oktoba gari la kijani litavuka upande wa pili wa Kilimambogo kwa mara ya kwanza, kwenda kwa Wakamba wa vijiji vya kule, ambako wazee wengi hawajui Kiswahili. Kampuni imemwuliza Kaleli kama anaweza kufasiri kwa Kikamba. Amekubali, na sasa halali vizuri.

"Kikamba ndicho nilichoanza kukwama nacho," anaeleza, akikunja shuka jeupe baada ya onyesho, huku watu wa kambi wakitawanyika kwenda makwao. "Kiswahili nilifundishwa na Zacharia, tena kikiwa kizima. Kikamba nilikivunja mwenyewe tangu utotoni. Kila neno nalijua lilinikwaza wapi."

Amekuwa akifanya mazoezi ya picha ya mjumbe kiwete na Mukonyo jioni ambazo hakuna sinema. Anasema amefika kwenye mlima, lango bado.

Kuna sababu nyingine ya kutolala. Mama yake, Ngina, anaishi katika kijiji cha kwanza kabisa kwenye orodha ya safari hiyo. Ni mjane, ana umri wa miaka sabini hivi, na hajawahi kufika Thika tangu mtoto wake aondoke nyumbani. Watu wamempelekea habari kwamba Kaleli husema mbele ya maelfu. Husikiliza kwa adabu, huwapa viti na maziwa, na hawaamini. Anasema ataamini akisikia.

"Nitamwekea kiti mbele kabisa, karibu na spika," Kaleli anasema. Anafunga kamba ya mwisho, anaipima kwa mkono kama imekaza, anaashiria taa za gari zizimwe.

"Nikikwama, nitangoja. Yeye amengoja miaka thelathini. Hataona ajabu kuongeza dakika moja."